Betri Ikiisha, Bomba Lifunge au Lifungue?

Swali: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji katika kijiji kimoja cha Kibosho, Moshi. Tumeletewa pendekezo la kufunga dira za malipo ya kabla kwenye vituo vyetu vya kuchotea maji, zile ambazo watu wameshaziita LUKU ya maji. Katika mkutano wa kijiji mtaalamu wa kampuni alisema kwamba mashine haina ndugu wala adui, kwa hiyo itamaliza manung'uniko yote ya upendeleo. Mzee mmoja akasimama akajibu kwamba mashine hiyo imeshaamua nani anywe na nani asinywe, sisi tunaletewa hukumu tu. Mkutano ukagawanyika. Yupi yuko sahihi, na sisi viongozi tufanye nini kabla ya kusaini?

Jibu: Marahaba, Ndugu Katibu. Nimelisoma swali lako mara kadhaa hapa Tengeru, karibu na Arusha, kwa sababu ndilo swali ambalo ningependa kila mhandisi aulizwe kabla hajaruhusiwa kufunga kifaa chochote mahali watu wanapopata riziki au uhai wao. Jibu langu fupi ni kwamba mzee wenu yuko karibu zaidi na ukweli. Hata hivyo mtaalamu wa kampuni hakuwadanganya. Alizungumzia upendeleo wa aina moja, ule wa mhudumu wa bomba anayemtanguliza shemeji yake, au wa mweka hazina anayesahau kuandika fedha za siku ya gulio. Upendeleo huo dira itauondoa kweli, na hilo si jambo dogo, kwani miradi mingi ya maji ya vijijini imekufa kwa sababu fedha za ndoo hazikufika kwenye akaunti iliyopaswa kulipia matengenezo.

Lakini uamuzi aliokuwa nao mhudumu haukupotea. Umehamishwa kutoka bombani hadi kwenye meza ya mtu aliyesanifu kifaa, umefanywa mapema zaidi, na mwenye kuufanya hatahudhuria mkutano wenu wa kijiji. Mhudumu aliweza kumwambia mjane, "Chota, utalipa Jumamosi." Dira haiwezi kusema hivyo isipokuwa kama kuna mtu aliyeiandikia maneno hayo katika programu yake. Na kama hayakuandikwa, hilo nalo ni uamuzi, hata kama aliyeuacha hakujua kwamba anaamua.

Ninyi watu wa mlimani hamhitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa nje, kwa sababu mmeishi nalo kwenye mifongo, ile mifereji yenu ya asili ya kumwagilia. Mfongo ni teknolojia kamili. Una banio mtoni, una mteremko uliopimwa kwa jicho na kwa uzoefu ili maji yasiende kasi ya kubomoa kingo wala polepole ya kuacha tope, una matawi, na mahali pengi una nduwa, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji ya usiku. Itazame nduwa kwa makini. Bila nduwa, mwenye zamu ya usiku angelazimika kumwagilia migomba gizani, na mzigo huo ungemwangukia mnyonge kwa sababu mwenye sauti angejichukulia zamu ya asubuhi. Aliyechimba nduwa aliamua kwamba maji yalale ili watu nao walale. Banio la mawe na majani ya migomba, lisiloziba mto wote, liliwaachia walio chini sehemu yao hata pale ambapo hakuna mlinzi. Na utaratibu wa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, ambapo asiyefika kusafisha mfereji hutozwa faini au hukosa zamu, ulikuwa sehemu ya chombo chenyewe sawasawa na udongo wake. Ondoa msaragambo, na baada ya masika mawili mfongo ni mtaro wa magugu.

Sitaki kuipamba mifongo kuliko ilivyostahili. Haki ya maji ilifuata ukoo uliochimba, wageni waliomba, na wanawake waliochota hawakuketi kwenye baraza lililopanga zamu. Hilo nalo lilikuwa ndani ya usanifu. Tofauti yake na dira mnayoletewa ni kwamba aliyeonewa na mfongo alijua nyumba ya kwenda kulalamika.

Sasa twende kwenye kifaa chenyewe. Dira ya malipo ya kabla inayofungwa kwenye kituo cha kuchotea ina sehemu kuu nne. Kuna kadi au kishikizo kidogo chenye namba ya mteja, kuna kisomaji kinachotambua namba hiyo, kuna kipimo kinachohesabu lita, na kuna vali inayofungua na kufunga. Mteja hununua salio kwa simu au kwa wakala, anagusisha kadi, maji yanatoka, salio linapungua, na likiisha vali inafunga. Taarifa husafiri kwa mtandao wa simu hadi kwenye kompyuta ya kampuni. Umeme hutoka kwenye betri, mara nyingi ikisaidiwa na paneli ndogo ya sola.

Swali la kwanza ambalo ningemuuliza muuzaji ni hili: betri ikiisha, au mtandao ukikatika, bomba linafunga au linafungua? Ukiona anababaika, ujue hakuna aliyelifikiria. Dereva wa lori yeyote anayepita barabara ya Moshi na Arusha analijua jibu la swali la aina hiyo kwa gari lake. Breki za upepo za lori zimesanifiwa ili upepo ukipotea, gari lisimame. George Westinghouse aliliweka wazo hilo kwenye treni za Marekani mwaka 1872, na tangu hapo imekubalika kwamba chombo kikiharibika, kiharibikie upande wa kulinda uhai. Treni ikisimama porini ni hasara, lakini hasara hiyo inavumilika kuliko treni isiyo na breki.

Kwenye bomba la maji, upande wa uhai ni upi? Hapa ndipo maadili yanapoingia kwenye chuma. Kuna vali ambayo hushikiliwa wazi kwa umeme na ambayo chemchemi yake ya chuma huifunga mara umeme unapokatika. Kuna nyingine ambayo hupigwa kwa umeme mara moja ikafunguka na mara nyingine ikafunga, na katikati haihitaji umeme wowote. Hiyo, betri ikifa maji yakiwa yanatoka, hubaki wazi, na ndiyo maana baadhi ya wasanifu huiwekea akiba ndogo ya umeme inayotosha kuifunga. Ukichagua ya kufunga, umelinda tangi na mapato, na umekubali kwamba usiku ambao mtandao umekatika mgonjwa atakosa maji. Ukichagua ya kufungua, umemlinda mgonjwa wa usiku huo, na umekubali kwamba tangi linaweza kuisha kabla ya alfajiri na kituo kizima kikakauka. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilikadiria kituo kimoja kwa watu 250, kila mmoja lita 25 kwa siku. Hizo ni lita 6,250, sawa na ndoo zaidi ya 312 za lita 20. Kama kila ndoo inachukua dakika mbili pamoja na kugusisha kadi, bomba linafanya kazi zaidi ya saa kumi mfululizo bila kupumzika. Tangi likikauka usiku, foleni hiyo yote haina kitu asubuhi.

Maoni yangu, na nayatoa nikijua mhandisi mwingine anaweza kutofautiana nami, ni kwamba dira yenu ifunge, lakini iwe na njia ya pembeni inayofunguliwa kwa ufunguo wa mkono, na ufunguo huo ukae kijijini. Kama ufunguo uko Arusha au Dar es Salaam, sikubaliani na dira hiyo hata ikiwa nzuri namna gani.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu limewahi kugharimu. Katika mtaa wa Phiri, Soweto, jiji la Johannesburg lilifunga dira za malipo ya kabla kuanzia mwaka 2004. Kila kiwanja kilipewa lita 6,000 za bure kwa mwezi, na zikiisha dira ilifunga mpaka salio linunuliwe. Mwaka 2005 moto ulizuka kwenye kibanda cha mpangaji, majirani wakajaribu kuuzima, na maji yaliyopatikana kwenye dira hayakutosha. Watoto wawili walikufa. Wakazi watano walifungua kesi, ikapanda hadi Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ambayo tarehe 8 Oktoba 2009 iliamua kwamba dira hizo ni halali na kwamba sera ya jiji ilikuwa ya busara inayokubalika. Katika kipindi hicho cha kesi, jiji lilikuwa limeongeza lita 4,000 za dharura kwa mwaka kwa kaya maskini zilizojiandikisha. Dharura, kwa hiyo, iliongezwa baadaye. Kwenye meza ya usanifu haikuwapo.

Kuna somo jingine ndani ya hesabu ya Phiri ambalo watu wengi huliruka. Lita 6,000 ukizigawa kwa siku 30 na kwa watu wanane unapata lita 25 kwa kila mtu, tarakimu ile ile ya sera yetu ya mwaka 2002. Lakini dira haikuhesabu watu, ilihesabu viwanja, na kwenye viwanja vingi vya Soweto nyuma ya nyumba kubwa kulikuwa na vibanda vya wapangaji, hivyo watu walizidi wanane. Kaya kubwa, ambayo mara nyingi ndiyo maskini zaidi, ilipata kidogo zaidi kwa kila kinywa. Hakuna aliyeandika mahali popote kwamba wapangaji wapunjwe. Ilitosha kuchagua kipimo. Kwa hiyo waulizeni: bei na viwango vya dira yenu vinahesabu nini, mtu, kaya, au ndoo? Bibi anayelea wajukuu saba na mwalimu anayeishi peke yake, je, ni wateja wawili walio sawa?

Niruhusu nitoke kidogo Kibosho nije upande huu wa Meru, maana kuna mfano unaonikaa moyoni. Maji ya maeneo mengi hapa yana madini ya floraidi kupita kiasi, na ndiyo yanayoyapa meno ya watu wetu rangi ya kahawia na, yakizidi kwa miaka mingi, hupinda mifupa ya watoto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu kiwango kikali kingefunga vyanzo ambavyo watu hawakuwa na mbadala wake. Namba hiyo inaonekana kama kemia tupu, lakini ndani yake kuna watu waliopima meno na mifupa ya watoto dhidi ya safari ndefu ya mama zao kwenda kutafuta maji. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kikatengeneza chujio la mkaa wa mifupa, ambao hunasa floraidi vizuri na hauna gharama kubwa. Ukiupeleka kijijini, swali la kwanza halihusu miligramu. Watu huuliza: mifupa ya mnyama gani? Wako ambao hawatakunywa maji yaliyopita kwenye mifupa ya nguruwe, na wako ambao hata ya ng'ombe hawaitaki. Fundi anayeliona swali hilo kuwa ujinga ataacha nyuma yake chujio lisilotumika. Anayelichukua kwa heshima ataeleza mifupa imetoka wapi na imechomwaje, na pale isipokubalika ataleta njia nyingine.

Nirudi kwenye dira. Kuandikishwa kwa mteja ni hatua inayopita haraka kwenye mikutano, nami nitaipitia kwa ufupi, lakini msiiache. Mama yangu mzazi, aliyelima kahawa na migomba kwa jembe la mkono kwa zaidi ya miaka 40, alirudishwa mara tatu kwenye dirisha moja la huduma kwa sababu kisomaji cha alama za vidole hakikuona mistari kwenye vidole vyake. Kazi ilikuwa imeifuta. Kifaa kile kilijaribiwa kwa vidole vya watu wa ofisini, na kikamwona mkulima kuwa si mtu anayetambulika. Kadi ya kawaida isiyohitaji kidole wala simu ya kisasa inafaa zaidi kijijini kwenu. Kuhusu kumbukumbu zinazokusanywa, fahamuni kwamba saa unayochota maji kila siku inaonyesha upo nyumbani au haupo, una wageni au una mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawapa haki ya kujua taarifa hizo zinakusanywa kwa sababu gani, kwa hiyo mkataba useme zinakaa wapi, zinaonwa na nani, na zinafutwa lini.

Hadi hapa nimezungumzia maadili yanayoingia kwenye kifaa kabla hakijafika. Kuna nusu ya pili, ambayo mzee wenu hakuigusa: watu wakishakipokea kifaa hukigeuza. M-Pesa ilipoanza kufanyiwa majaribio nchini Kenya mwaka 2005, kusudi lake lilikuwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo. Waliokuwa kwenye majaribio wakaanza kutumiana fedha wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu haja yao kubwa haikuwa mkopo. Ilikuwa mama aliyeko kijijini na mdogo wao aliyeko shuleni. Wenye mradi wakawasikiliza, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilikuwa ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Wajibu wa mtu kwa jamaa zake uliandika upya programu.

Kwenu litatokea jambo kama hilo, na naweza kulitabiri: watu wataazimana kadi. Aliyeishiwa atagusisha ya jirani. Kwenye kompyuta ya kampuni hiyo itaonekana kama mteja mmoja anachota kupita kawaida, na huenda mtu akaiita wizi akaifunga kadi. Kwenu ni ujirani, ni ule ule mkono uliokuwa ukimpa mtu chumvi na moto. Semeni mapema, kwa maandishi, kwamba kuazimana kadi kunaruhusiwa. Mkitaka kwenda mbali zaidi, ombeni kadi moja ya jumuiya yenye salio dogo kutoka kwenye mfuko wenu, kwa ajili ya msiba, moto, mgonjwa, na mtu ambaye kila mmoja anajua kwamba hana.

Nani aishike kadi hiyo, na ufunguo wa njia ya pembeni nilioutaja? Hapa sihitaji kubuni chochote, kwa kuwa akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa wamekuwa na jibu kwa miaka mingi. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne asiye na ufunguo wowote. Utaratibu huo ulianzia kwenye vikundi vilivyosaidiwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukaenea hadi kwetu, na naupenda kwa sababu haumtukani mtu. Hausemi kwamba mweka hazina ni mwizi. Unampunguzia mzigo wa kushukiwa. Kwa maji, watatu ni wengi mno wakati nyumba inaungua, kwa hivyo ningependekeza ufunguo wa bomba uwe na nakala mbili, kwa watu wawili wanaoishi karibu na kituo, angalau mmoja wao mwanamke kwa kuwa ndio wanaojua saa za haja, na kila ukitumika iandikwe kwenye daftari linalosomwa mkutanoni.

Umeuliza mfanye nini kabla ya kusaini. Batya Friedman wa Chuo Kikuu cha Washington, ambaye tangu miaka ya 1990 amekuwa akifundisha namna ya kusanifu vifaa kwa kuanzia na yale ambayo watu wanayathamini, anasisitiza kwamba wahusika si wale wanaokishika kifaa peke yao, bali pia wale wanaoguswa nacho bila kukishika. Kwa dira yenu, wanaosahaulika kwa urahisi ni mtoto anayetumwa maji akiwa na kadi ya mama yake na kuipoteza njiani, mhudumu wa bomba anayepoteza kazi, kijiji cha chini kinachopata mabaki ya chanzo chenu, na mgeni wa siku moja. Kaeni nao kabla ya kukaa na kampuni. Mhudumu, hasa, msimwache: ndiye anayejua kila nyumba na kila haja, na ndiye anayefaa kuwa mlinzi wa kifaa na mshika daftari.

Kisha mwiteni mtaalamu yule yule aliyesema mashine haina ndugu, kwa adabu, maana huenda hajawahi kuulizwa. Mwombeni afunge dira moja tu ya majaribio kwenye kituo kimoja, kwa muda unaofika masika na kiangazi. Siku ya kwanza, kabla mwenyekiti hajashika kalamu, mwambieni aichomoe betri mbele ya mkutano wote wakati ndoo ikiwa chini ya bomba, ili kila mtu aone maji yanafanya nini, na mzee wenu awe amesimama karibu.